Kushona kanzu ya pwani ya miaka ya 1890 na darizi yake ya shingoni: mwongozo kamili kwa aliye Nairobi

Kanzu nyingi zinazoitwa za kale hapa Nairobi, ziwe za jukwaani, za arusi au za tamasha za shule, ni kanzu za leo zilizoongezwa darizi ya mashine kifuani. Mvaaji akisimama tuli hazina neno. Akiinua mkono tu, kwapa linavuta, upindo wote unapanda juu, na ile darizi inajikunja kwa sababu haijashika kitu. Katika kanzu ya zamani darizi ilikuwa na kazi. Ilishikilia kaba ya ndani, yaani kipande cha kitambaa kinachozunguka shingo na mpasuo kwa ndani, isichomoke, ilizuia mpasuo wa kifua usiendelee kuchanika, na iliupa ukingo wa shingo uzito wa kukaa sawa. Uzuri wake ulitokana na kazi hiyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kitambaa na kuchelewa sana kufika kwenye nyuzi za rangi.

Huhitaji kuwa fundi wa miaka mingi. Ukiweza kushona mstari ulionyooka kwa mkono na kupima kwa uangalifu, utaimaliza. Unachohitaji zaidi ni subira, kwa kuwa darizi pekee itakula jioni nyingi.

Kanzu ya nani?

Usiguse mkasi kabla ya kujibu swali hili. Pwani ya mwaka 1890 nguo ilimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Bwana mwenye nasaba na mali alivaa kanzu nyeupe, juu yake joho la sufu lenye kazi ya nyuzi ukingoni, mshipi wenye jambia, na kilemba. Mfanyabiashara wa kawaida alitosheka na kanzu na kofia, pengine na kizibao juu. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu, na wengi walijifunga tu kipande cha merikani, kitambaa cha pamba nzito, kiunoni. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia ili kila mtu aone kwamba sasa ni watu huru. Kwa hiyo ukimvika mhusika wa mwaka 1885 kanzu ya darizi bila kufikiri, umemwandikia maisha mengine.

Nairobi nayo ina mtego wake. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na pamoja nayo walikuja watu wa pwani na kanzu zao, ambao Uislamu wao na lugha yao bado unavisikia Pumwani na Majengo. Lakini wakoloni waliigeuza kanzu kuwa sare ya wapishi na wahudumu wa hoteli: kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, tarbushi nyekundu. Picha nyingi za Nairobi ya ukoloni zinaonyesha sare hiyo. Kama igizo lako ni la hoteli ya mzungu, sare ndiyo sahihi. Kama ni la muungwana wa Lamu au Mombasa, usiichukue kuwa kielelezo hata kidogo.

Mwongozo huu unamshonea mfanyabiashara wa pwani wa miaka ya 1890, mwanamume wa urefu wa sentimita 170 hivi na kifua cha sentimita 96. Joho na kilemba tunaviacha.

Kutazama picha bila kudanganywa

Anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, na ni mahali pazuri pa kulizoesha jicho kazi ya mkono ya zamani kabla ya kuanza kuhukumu kazi ya leo. Ukipata safari ya pwani, makumbusho ya Fort Jesus na ya Lamu yatakuonyesha maisha ya waungwana kwa karibu zaidi. Na ukiwa na intaneti, fungua mkusanyiko wa Winterton wa chuo kikuu cha Northwestern nchini Marekani: zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, ambazo unaweza kuzikuza mpaka uone mshono wa shingo.

Ukizikuza, kumbuka jambo moja ambalo limewapoteza washonaji wengi. Vioo vya wapigapicha wa wakati ule vilikuwa na kemikali zilizoiona buluu vizuri mno na ambazo karibu hazikuiona nyekundu. Uzi mwekundu hutoka mweusi pichani, uzi wa manjano hutoka wa giza, na wa buluu hafifu hupotelea ndani ya kitambaa cheupe. Mstari mweusi shingoni mwa kanzu ya mwaka 1890 hauthibitishi kwamba uzi ulikuwa mweusi. Nyekundu ina nafasi kubwa kuliko nyeusi. Na kanzu inayoonekana haina kazi yoyote huenda imedariziwa kwa uzi mweupe juu ya nyeupe.

Tena usiridhike na picha moja. Wapigapicha wa studio za Unguja, kama akina Gomes na ndugu wa Coutinho, waliwapanga watu mbele ya mapazia ili kuuza picha. Kitu ukikiona kwa watu watatu tofauti, tena mahali tofauti, hapo ndipo uanze kukiamini.

Kitambaa

Kwa miongo mingi kitambaa kikubwa cha pwani kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Kiliingia Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliukata mkondo huo, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi. Kufikia miaka ya 1890 mfanyabiashara wetu alikuwa na chaguo: bafta nyeupe kwa kanzu ya kila siku, au melimeli nyembamba kwa siku kuu.

Kwa kanzu ya kwanza chagua bafta. Melimeli huteleza, na darizi ikivutwa kidogo tu inajikunja. Nenda Biashara Street au Eastleigh na uulize pamba tupu nyeupe, au kaliko ikiwa bafta haipo, yenye mfumo wa kawaida wa uzi juu uzi chini. Shika kitambaa mbele ya dirisha: unapaswa kuona kivuli cha mkono wako bila kuona vidole waziwazi. Ukipewa kitambaa kinachong'aa na kisichokunjika, hicho kina poliesta, hata muuzaji akisema ni koton. Omba kipande kidogo, kichomeke nje ya duka. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Nunua mita 4 za kitambaa cha upana wa sentimita 115. Usikate kitu bado. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na kitarudi, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10 kwa urefu. Kiloweke usiku kucha, kifue kwa maji moto na sabuni ya mche, kikaushe, kisha kirudie mara ya pili. Kipige pasi kikiwa bado na unyevu. Sasa kina ukubwa wake halisi, kama sentimita 112 kwa upana, nacho kimekuwa laini kiasi cha kupokea sindano bila kulalamika.

Kukata: mstatili kwanza

Kanzu ya zamani haikuchorwa kwa karatasi ya mtindo wala haina mkunjo wa bega na wa kwapa kama shati. Imegawanywa kutoka upana wa kitambaa kwa mistari iliyonyooka, ili pasipotee hata kiganja cha nguo. Merikani ilikuwa na upana wa karibu yadi moja. Fundi alitwaa badani (kipande kikuu cha mbele na nyuma) katikati, na kilichobaki pembeni kikawa taharizi (vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini) na vikwapa (vipande vya mraba vya chini ya mkono). Ukiielewa hesabu hii utaweza kumshonea mtu yeyote bila mchoro.

Pima vitu vitatu: kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kifundo cha mguu (hapa sm 138), kifua (sm 96), na kutoka katikati ya mgongo hadi kifundo cha mkono ukiwa umenyoshwa (sm 80). Kisha toa vipande hivi, vyote vikiwa na sm 1.5 ya mshono kila upande:

- Badani, kipande kimoja cha sm 284 kwa 60. Hukunjwa begani, hivyo mbele na nyuma ni nguo moja na bega halina mshono.
- Mistatili miwili ya sm 108 kwa 34, itakayozaa taharizi nne.
- Mikono miwili, kila mmoja sm 56 kwa 52.
- Vikwapa viwili, miraba ya sm 14.
- Kaba, sm 45 kwa 30, na lisani (kipande kinachofunika mpasuo wa kifua kwa ndani), sm 30 kwa 10.

Mpangilio ni huu. Kwenye sm 284 za kwanza za kitambaa, badani inachukua sm 60 za upana. Ukanda wa sm 52 unaobaki pembeni unatoa mistatili miwili ya taharizi, na mabaki yake ya mwisho yanatosha vikwapa, kaba na lisani. Sm 56 zinazofuata zinatoa mikono miwili ikikaa ubavu kwa ubavu. Jumla ni sm 340.

Mistari yote iliyonyooka usiikate, ichane. Weka alama, kata sm 2 kwa mkasi, kisha shika pande mbili na uvute. Pamba itachanika kwenye uzi wenyewe, na ukingo utakuwa umenyooka kuliko rula yoyote. Taharizi peke yake ndiyo inayohitaji mkasi: kwenye mstatili, weka alama sm 3 kutoka pembe ya juu kushoto na sm 3 kutoka pembe ya chini kulia, unganisha alama hizo kwa mstari wa mshazari, kata. Una vipande viwili vyenye ncha nyembamba juu na sm 31 chini. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili. Kwa kila taharizi tia alama ya chaki kwenye ukingo wa mshazari. Utaihitaji baadaye, na kwa macho pande hizo mbili zinafanana sana.

Shingo, kabla ya kuunga chochote

Mafundi wengi wa leo huunga kanzu yote kisha wakaanza kupamba. Ukidarizi kwa mkono, geuza utaratibu huo. Badani ikiwa bado ni kitambaa bapa unaweza kuiweka mezani, kuizungusha na kuifikia kila upande. Ikishakuwa kanzu, utapambana na mita mbili za upindo mapajani kwa kila mshono.

Kunja badani katikati kwa urefu, halafu katikati kwa upana, ipige pasi. Mikunjo inapokutana ndipo katikati ya shingo. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi kufuata mikunjo hiyo miwili ili isipotee. Chora shingo kwa penseli nyepesi: sm 6.5 kila upande wa katikati, sm 1.5 kuelekea nyuma, sm 7 kuelekea mbele. Litaonekana shimo dogo mno kwa shingo ya mtu mzima. Liache hivyo. Shimo huongezeka kila unapolikunja ukingo, na likishazidi halirudi. Kutoka sehemu ya mbele kabisa ya shingo, chora mpasuo wa sm 22 ushuke kifuani kufuata uzi wa kitambaa.

Weka kaba juu ya badani, uso kwa uso, katikati yake ikilingana na shingo, na uipige bandi. Sasa shona kwa mshono wa kurudi nyuma, mishono midogo ya mm 2, kufuata mchoro wa shingo kwa nje kidogo. Kwenye mpasuo shona mistari miwili: juu iachane kwa mm 5, na ikiteremka ikaribiane mpaka ikutane chini. Kwenye ncha ile ya chini piga mshono mmoja wa kukingama kabla ya kupanda upande wa pili. Mshono huo mmoja unaupa mkasi nafasi, na bila huo kitambaa kitajikunja hapo daima.

Kata shingo ukiacha mm 6, pasua katikati ya mistari miwili mpaka uzi mmoja kabla ya ncha, chanja chanja kwenye mviringo, na ugeuze kaba iingie ndani. Ipige pasi. Punguza kaba mpaka ibaki sm 5 kuzunguka shingo na mpasuo wote, kunja ukingo wake wa nje sm 1 kwenda chini, na uipige bandi ikae. Usiishone! Wengi huishona kwa mashine hapa, na tangu dakika hiyo darizi inakuwa haina kazi tena.

Lisani ikunje kwa urefu, ishone pande mbili, igeuze, na uishikize ndani ya upande wa kushoto wa mpasuo ili ifunike kifua kanzu ikiwa wazi. Lakini fanya hivyo darizi ikishakwisha, isije ikashonwa pamoja nayo.

Darizi

Uzi uliotumika kwenye kanzu nzuri ulikuwa hariri, na kwenye kanzu za ziki, zile za darizi nyeupe shingoni, ulikuwa pamba nyeupe. Hariri ya kudarizi ni ngumu kuipata Nairobi. Nyuzi za pamba za kudarizi za DMC au Anchor, zinazouzwa na maduka ya vifaa vya mafundi katikati ya jiji, zinatosha kabisa ukitumia nyuzi mbili kati ya zile sita zilizosokotwa pamoja. Rangi: nyeupe, nyekundu iliyokolea, manjano ya kuelekea dhahabu. Usiogope wekundu mkali. Alizarini ilitengenezwa kwa kemikali mwaka 1869, na miaka ishirini baadaye nyekundu za kiwandani zilikuwa sokoni kila mahali. Uzi wa plastiki unaometa kama dhahabu, huo uache dukani.

Loweka uzi mwekundu kwenye maji moto yenye chumvi kabla ya kuushona, uukamue kwenye kitambaa cheupe, urudie mpaka kitambaa kisipate doa. Kanzu nyeupe iliyotiwa doa la waridi shingoni haitibiki.

Mchoro uhamishe kwa njia ya zamani ambayo bado haijapata mshindani. Chora darizi kwenye karatasi, itoboe mistari yote kwa sindano kila baada ya mm 2, ilaze juu ya badani. Saga kipande cha makaa ya jiko kiwe unga laini, kifunge kwenye kitambaa kidogo, na ugongegonge juu ya matundu. Ukiinua karatasi utakuta vitone vimejipanga. Viunganishe kwa penseli kali bila kukandamiza, kisha pulizia unga uliobaki uondoke kabla mkono haujaupaka kila mahali.

Kwa kanzu ya mfanyabiashara, mchoro wenyewe uwe wa adabu. Mistari minne inayofuatana na ukingo wa shingo na mpasuo, wa kwanza mm 3 kutoka ukingoni, kila mmoja mm 2 au 3 kutoka kwa mwenzake. Nje yake, kiboko: mstari wa pembe-pembe wa upana wa mm 8 hivi. Nje ya kiboko, mstari mmoja wa mwisho, sm 4 kutoka ukingoni kabisa, unaopita juu ya mkunjo wa kaba. Chini ya mpasuo mistari yote hukutana kwa ncha, na hapo unaweza kuongeza ua dogo la majani manne. Maua yanayojaa kifua kizima yanatoka kwenye mashine za kompyuta za leo. Yana uzuri wao, ila si wa miaka ile.

Anza na mstari wa nje, ule unaoshika kaba. Sindano ipite nguo zote mbili, na kila baada ya sm 10 geuza upande wa nyuma uhakikishe umeukamata mkunjo. Mstari huu ukikaa sawa, toa bandi za kaba, nguo itulie. Baada ya hapo shona ule ulio karibu na ukingo, na umalizie wa katikati. Ukianza ndani kuelekea nje, kitambaa husukumwa kidogo kidogo na kaba hutokeza chini yake.

Mistari ya ndani ishone kwa mshono wa kurudi nyuma, mishono 4 kwa kila sentimita. Kiboko kishone kwa mshono wa mnyororo, ambao hujaa zaidi na hukata kona vizuri: kwenye kila ncha funga kitanzi kwa mshono mdogo kabla ya kugeuka, la sivyo pembe itakuwa duara. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Mrefu zaidi ya hapo unapoteza mng'ao kwa kupita kitambaani mara nyingi. Upitishe kwenye nta ya nyuki ukiwa mweupe; wa rangi uuache bila nta ili ung'ae. Fremu ya duara itumie kwa ua la chini tu. Kwenye mistari, nguo mbili zilizopigwa bandi hujitosheleza, na mkono huru huona haraka zaidi ukianza kuvuta.

Fanya hesabu mapema ili usikate tamaa njiani. Shingo na pande mbili za mpasuo ni kama sm 82. Kwa mishono 4 kila sentimita, mstari mmoja ni mishono 328. Ukishona mishono sita kwa dakika, huo ni muda wa karibu saa moja, na kiboko huchukua mara mbili yake. Shona mchana au chini ya taa nyeupe, na ukichoka, acha. Mishono ya mtu aliyechoka hurefuka bila yeye kujua, na kesho yake inaonekana hadi ng'ambo ya chumba.

Mwisho wa darizi ni mahali panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote: ncha ya chini ya mpasuo. Kila mara mtu anapopitisha kichwa, nguvu yote huishia hapo. Piga nyuzi nne za kukingama juu ya ncha, urefu wa mm 6, kisha zizungushie kwa mishono ya karibu karibu, ikipita pia kwenye nguo iliyo chini, mpaka utokee ukingo mgumu kama wa tundu la kifungo. Katika kanzu kuukuu, hapa ndipo ninapotazama kwanza. Aliyeshona hapa vizuri alijua kazi yake.

Kuunga

Mishono mirefu unaweza kuipiga kwa mashine bila kuikosea historia. Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kufikia miaka ya 1890 cherehani ilikuwa chombo cha kawaida cha fundi wa mjini. Mstari ulionyooka tu, lakini: ovaloki ni ya karne nyingine, na mtu akikunja mkono wa kanzu itaonekana mara moja. Kingo zote zifunike kwa njia ya kale. Shona kwa sm 1.5, punguza ukingo mmoja ubaki mm 5, kunja mwingine juu yake, ulaze, uushone kwa mkono.

Weka katikati ya mkono wa kanzu kwenye alama ya bega ya badani, uushone. Utashuka sm 24.5 mbele na nyuma. Kikwapa kishone pande zake mbili zinazokutana kwenye kona: upande mmoja kwenye ukingo wa chini wa mkono, upande wa pili kwenye badani, kuanzia pale mkono unapoishia. Kwenye kona hiyo simamisha mshono sm 1.5 kabla ya ukingo, inua mguu wa mashine, geuza nguo, endelea. Ukishona hadi ukingoni, kona itajikunja na kikwapa hakitalala kamwe. Pande zake mbili zilizobaki zitaungana na upande wa pili wa kanzu utakapoifunga.

Taharizi inaanza pale kikwapa kinapoishia, ncha juu. Ukingo wa mshazari, ule uliotiwa chaki, uushone kwenye badani. Kingo zilizonyooka za taharizi mbili zikutane ubavuni. Mshazari hunyooka na kurefuka ukivutwa, na badani iliyonyooka huuzuia. Mishazari miwili ikikutana ubavuni, baada ya majuma machache kanzu itaning'inia pembeni kwa vidole viwili zaidi.

Funga ubavu kwa mstari mmoja: kutoka kifundo cha mkono, kupitia kikwapa, hadi chini. Itundike kanzu usiku mzima. Asubuhi mvishe mwenyewe, weka alama kifundoni kuzunguka pande zote, ndipo ukunje sijafu (mkunjo wa ukingo) ya chini kwa sm 3 na ya mikono kwa sm 2, uzishone kwa mkono. Upindo wa chini utakuwa na mzunguko wa karibu sm 226, unaomruhusu mtu kupanda ngazi bila kuushika.

Shada na kofia

Shada, yaani kishungi cha nyuzi kinachoning'inia, si lazima, ila kanzu nyingi za waungwana zilikuwa nalo shingoni, desturi iliyo hai mpaka leo Oman. Zungusha uzi wa darizi kwenye kadi ya sm 8 mara arubaini, ufunge juu kwa kamba ya nyuzi zilezile zilizosukwa tatu tatu, kata chini, ufunge shingo ya shada sm 1 kutoka juu. Lishone kwenye ukingo wa shingo, kidogo pembeni mwa mpasuo. Shada ndilo lililopakwa manukato, kwa hiyo likipata mafuta ya udi usiyaache yaguse bafta.

Kofia ni kazi nyingine kabisa, na ushauri wangu ni kuinunua. Kofia ya vito ya Lamu ni bafta mbili zilizoshonwa pamoja, na kila tundu limetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Tafuta ya mkono kwenye maduka ya karibu na msikiti wa Jamia au Eastleigh, na igeuze ndani kabla ya kulipa: ya mashine ina uzi mwingine wa chini unaokimbia bila kukatika, ya mkono ina mafundo na ncha za nyuzi. Ukiamua kujaribu mwenyewe, hesabu ya umbo ni nyepesi. Kichwa cha sm 57 kinahitaji mkanda wa sm 57 kwa 8 na duara la juu la kipenyo cha sm 18, ukiongeza mshono.

Kuifua na kuitunza

Ifue kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na dawa ya kupausha. Klorini huila hariri na kuufifisha uzi mwekundu. Usiisokote shingo. Ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo, ianike kivulini, na ipige pasi ikiwa na unyevu, darizi ikitazama chini juu ya taulo nene ili mishono isibanwe. Wanga kidogo kwenye badani unafaa, kwenye darizi haufai, kwani uzi hukauka na kukatika unapokunjwa.

Ukiiweka kwa muda mrefu, ifue wanga wote utoke kwanza, maana mende wa Nairobi hupenda wanga kuliko pamba. Ikunje kwa kuipitishia kitambaa cheupe cha pamba kati ya mikunjo, na kila baada ya miezi kadhaa ibadilishe ikunjwe mahali pengine. Mkunjo usipite kamwe katikati ya mpasuo wa kifua.